Jibu: Weka hiyo spana chini kwanza

Ssebo, acha. Umeandika kwamba unarudisha injini kwenye Volkswagen Beetle yako ya 1968, imebakiza mwanya wa kidole kati ya injini na giaboksi, nati za juu nyuma ya kava la feni huzifikii, na fundi kakwambia uzikaze pole pole injini itajivuta yenyewe. Kufika hapo chai ikanipalia. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, labda na fundi huyo huyo!

Gari langu lilikuwa limekodiwa kwa kwanjula, sherehe ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, Masaka, Jumamosi. Ijumaa jioni injini bado iko kwenye jeki. Mpwa wangu kalala uvunguni kashika kichwa cha boliti, mimi nimepitisha mkono nyuma ya feni, shavu limebanwa na bodi, naipapasa nati kama anayetafuta sarafu kwenye mfuko wa kanzu. Spana ya 17 inazunguka kidogo, naitoa, naichomeka tena. Ikaanza kuwa ngumu. Fundi kwenye simu: "Kaza, inaingia hiyo." Nikavalisha spana kipande cha bomba. Mwanya ukapungua, nikamwambia kijana atazame wazee wanavyofanya kazi. Ta! Mlio mdogo tu, kama kijiti cha mshikaki kikivunjika.

Limevunjika sikio la kasha la giaboksi, pale boliti inapopita. Lile ni aloi ya magnesiamu, si jembe. Kumbe diski ya klachi haikukaa katikati, shafti ya giaboksi imegota kwenye meno ya diski hiyo, na mimi nailazimisha kwa boliti ya milimita 10. Mchomeleaji wa kwanza alikataa kuigusa. Wa pili alisema anaweza, hakuweza. Siku tatu nazunguka Kisekka, soko la vipuri Kampala, kutafuta giaboksi nyingine, nikaipata kwa shilingi milioni 1 na laki 2, mbali na pesa za bwana harusi nilizorudisha. Na fundi? Simu haipatikani hadi leo. Wakati wa kuagiziwa soda alikuwa anapatikana vizuri sana.

Kwa hiyo sikiliza: boliti ni ya kushika, si ya kuvuta. Sukuma injini kwa mikono mpaka uso wake na wa giaboksi zigusane kote, ndipo nati ianze, tena kwa vidole. Vidole havifiki? Pachika nati kwenye soketi na grisi kidogo isidondoke, izungushe kwa mkono bila mpini. Ikigoma, rudi nyuma. Ingiza gia, magurudumu yasizunguke, mtu azungushe puli ya krenki, ile ya mkanda nyuma ya injini, kidogo kidogo huku wewe unaitikisa injini. Meno yakikutana utaisikia inateleza. Isipoteleza, itoe yote upange diski upya. Najua ni zaidi ya kilo 100 na mgongo wako hauna tena miaka 20. Itoe tu.

Mkazo wa mwisho wa nati hizo ni nyutonimita 30 tu, spana fupi na mkono mmoja vinatosha. Hilo bomba ulilosema umeazima, mrudishie mwenyewe leo.

Halafu pima mwanya juu na chini, utuandikie hapa kabla hujagusa kitu. Ukiwa mpana zaidi juu, mkia wa injini umeinama: pandisha jeki upande wa puli, usiguse nati.