Kukaa Imara Juu ya Farasi Bila Tandiko

SWALI: Ndugu Mshauri, nimepanda farasi kwa tandiko kwa miaka 2, na hivi karibuni nimeanza kujifunza kupanda bila tandiko. Farasi akitembea taratibu sipati shida, lakini akianza mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole za kudundadunda, ninarushwarushwa, ninateleza upande wa kulia, na kadiri ninavyombana kwa miguu ili nisianguke, ndivyo anavyozidi kukaza mwendo. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kiini cha shida yako umekitaja mwenyewe, nacho ni kule kumbana farasi. Magoti yanapobana, mwili wako husukumwa juu na kuachana na mgongo wa farasi, na mashavu ya miguu yanapombana ubavuni, yeye huelewa kwamba umemwamuru aende mbio, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa. Hakuasi, anakutii. Kwa hiyo jifunze kwanza kulegeza: acha mapaja yaning'inie kwa uzito wake yenyewe, na uketi juu ya mifupa miwili ya makalio, huku sikio, bega, nyonga na kisigino vikiwa katika mstari mmoja wa wima.

Rudi kwenye mwendo wa taratibu, hata kama unaona umekwisha kuuweza, kwa sababu huko ndiko nyonga zinakofundishwa. Mwombe mtu mzoefu akuongozee farasi kwa kamba, kisha ufumbe macho. Kila mguu wa nyuma unapopiga hatua mbele, tumbo la farasi huyumba kuelekea upande wa pili, na nyonga yako iliyo upande wa mguu ule hushuka kidogo. Taja kwa sauti, "kushoto, kulia", kila unapouhisi mguu huo ukienda, na msaidizi wako akusahihishe. Sijui zoezi lililo bora kuliko hili, kwani siku utakapoweza kutaja bila kukosea, nyonga zako zitakuwa zimeacha kushindana na mgongo wa farasi na kuanza kuufuata.

Kuhusu kuteleza kulia, mara nyingi mtu huwa ameukunja ubavu wake mmoja bila kujua, na uzito wote ukaegemea mfupa mmoja. Nyoosha mikono yote miwili kama mabawa, uzungushe kiwiliwili polepole huku na huku, na uangalie mbele, wala si shingo ya farasi, maana kichwa kikiinama, mabega nayo hufuata.

Ndipo urejee kwenye matiti, lakini kwa hatua 5 au 6 tu, kisha umrudishe farasi kwenye mwendo wa taratibu kabla hujaanza kurushwa. Katika matiti miguu hupiga kwa jozi za mkingamo, yaani mguu wa mbele wa upande mmoja pamoja na wa nyuma wa upande wa pili, mapigo mawili mawili, na kila pigo huuinua mgongo. Ukijizoeza kidogo kidogo, mwili hujifunza kulipokea pigo hilo badala ya kukakamaa. Ukihisi unapoteza mizani, shika singa, yaani nywele ndefu za shingo ya farasi, au mkanda uliofungwa shingoni mwake. Nakusihi usijishikilie kwa hatamu, kwa kuwa lijamu, kile chuma kilichofungwa kwenye hatamu, imo kinywani mwa farasi, na maumivu ya kosa lako atayabeba yeye.

Chagua farasi mpole mwenye mgongo mpana, uvae kofia ngumu ya wapanda farasi, na ufanyie mazoezi katika uwanja uliozungushiwa uzio na wenye ardhi laini. Zoea pia kushuka kwa dharura, farasi akiwa amesimama kwanza: inama mbele, pitisha mguu juu ya kiuno chake, utue magoti yakiwa yamekunjika. Dakika 15 au 20 kwa siku zinatosha, kwani pasipo tandiko uzito wako hautawanyiki, bali hukandamiza sehemu ndogo chini ya mifupa yako ya makalio, na mgongo wake huchoka mapema kuliko wako.