Mwizi bado amefungwa ndani ya parsele (kiwanja cha nyumba): nani ataingia gereza la Kasapa?

Ndugu wa Katuba, hapa Lubumbashi, unasema mwizi mlimkuta usiku anabeba betri ya gari, vijana wa avenyu wakamfunga kamba na kumpiga, na mpaka sasa yuko kwenu. Unauliza kama mnaweza kusema mlijitetea. Hapana.

Kumkamata mliruhusiwa. Dekreti ya Kongo ya mwenendo wa jinai ya tarehe 6 Agosti 1959, kifungu cha 6, inampa mtu yeyote haki hiyo kwa kosa zito lililokutwa papo hapo, kama hakuna OPJ (afisa wa polisi anayepeleleza makosa) karibu. Sharti lake mmeliruka: apelekwe mara moja kwa OPJ au parke (ofisi ya waendesha mashtaka) iliyo karibu. Kujitetea ni kuzuia shambulio linaloendelea. Aliyefungwa mikono anamshambulia nani? Kifungu cha 67 cha kanuni ya adhabu kinatoa kifungo cha mwaka 1 hadi 5 kwa kumshikilia mtu kiholela. Akiteswa, 5 hadi 20.

Hasira yenu naielewa, yule mwizi wa mwezi uliopita alitoka polisi baada ya siku mbili. Wengine hutoka kwa pesa, tusidanganyane. Lakini Katiba, kifungu cha 18, inawapa polisi saa 48 tu kabla ya kumwachilia au kumpeleka mbele ya mahakimu, na kama hakuna jirani aliyesaini PV (maelezo yanayoandikwa polisi), faili inafika parke tupu. Safari hii nenda mwenyewe kwa OPJ na betri, na majirani waliomwona. Kwanza huyo mwizi apite hospitali, leo hii.