Zambarau ya nani ni safi zaidi? Maswali yenu kuhusu protini za viumbe wapenda chumvi

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu wenye kichupa cha zambarau mkononi na wasiwasi kichwani. Tuanze.

Nimekuza Halobacterium salinarum, kijiumbe mpenda chumvi. Maelezo niliyopewa yanasema nipasue seli kwa maji. Maji matupu yanatosha kweli?

Yanatosha. Kiumbe huyu anaishi kwenye chumvi ya takriban moli 4 kwa lita, na ndani ya seli amejijazia kloridi ya potasiamu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Ukimtia ghafla kwenye maji safi ya maabara, maji yanamwingia kwa fujo, na ukuta wake wa protini, ambao hushikamana kwa sababu ya chumvi, unaachia. Seli inapasuka yenyewe.

Sehemu kubwa ya utando wake husambaratika kuwa vipande vidogo vidogo. Sehemu yake ya rangi, utando wa zambarau, haifanyi hivyo. Humo bakteriorodopsini, protini za zambarau zinazosukuma protoni kwa nguvu ya nuru, zimejipanga tatu tatu, zimebanana kama fuwele bapa, na protini ni robo tatu ya uzito wote. Ubishi huo ndio unaokurahisishia kazi.

Tatizo la kwanza utakaloliona ni ute. DNA ikimwagika, mchanganyiko unavutika kama kamasi na hauwezi hata kupanda kwenye pipeti. Weka kimeng'enya cha kukata DNA, pamoja na magnesiamu kidogo ambayo kimeng'enya hicho huihitaji, usubiri mpaka utiririke. Kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya takriban mara 50,000 ya mvutano wa dunia kwa nusu saa. Kimiminika cha juu kitakuwa chekundu. Kimwage, ongeza maji, rudia. Usihesabu mizunguko, tazama rangi: acha pale maji ya juu yanapokuwa hayana rangi. Mwisho pitisha kwenye ngazi ya sukrosi, yaani tabaka za maji ya sukari zinazozidi kuwa nzito kuelekea chini. Utando wa zambarau hutulia penye msongamano wa takriban gramu 1.18 kwa sentimita ya ujazo, na mkanda mwekundu ukibaki utauona juu yake. Nyonya wa zambarau tu. Tamaa ya kuchota mpaka ukingoni ndiyo inayorudisha uchafu.

Uwiano wangu wa ufyonzaji wa nuru, nanomita 280 kwa 568, ni 3. Je, ni safi?

Bado. Utando wa zambarau uliosafishwa vizuri hutoa karibu 2. Kipimo cha nanomita 280 huona protini zote, cha 568 huona tu bakteriorodopsini yenye retinali yake, molekuli inayoipa rangi. Lakini kabla hujarudi kwenye sentrifuji, pima na nanomita 700, ambako protini hii haifyonzi kitu. Usomaji ukiwa mkubwa hapo, vipande vya utando vinatawanya nuru, na mtawanyiko huo huzidi kadiri unavyoelekea 280. Na kama ulisafisha kwa safu ya nikeli, imidazoli nayo hupandisha 280. Iondoe ndipo uhukumu.

Nina protini mbili za spishi mbili. Moja kilele chake cha ufyonzaji ni nanomita 568, nyingine 553. Naweza kuandika kwamba zinatofautiana?

Nikuulize kwanza: zote mbili zilikuwa ndani ya nini? Bakteriorodopsini ileile, ukiitoa kwenye utando wake kwa sabuni ya maabara ikabaki mojamoja, kilele chake hushuka kutoka 568 hadi kwenye miaka ya 550. Huenda umelinganisha sabuni na utando, ukadhani umelinganisha spishi.

Halafu kuna giza. Sampuli iliyokaa gizani ina mchanganyiko wa maumbo mawili ya retinali, na kilele chake huwa karibu 560. Iangazie kwa dakika kadhaa, retinali zote zinanyooka na kilele kinasogea hadi 568. Kwa hiyo iliyotoka kwenye friji asubuhi na iliyokaa mezani mchana kutwa hazilinganishiki.

pH na chumvi navyo ni hivyohivyo. Bakteriorodopsini ikishushwa pH chini ya 3 hivi hugeuka buluu, kilele karibu 605. Halorodopsini, pampu ya kloridi, ya kijiumbe Natronomonas pharaonis ikiwa na kloridi ipo karibu 577. Ondoa kloridi, inakwenda 600. Bafa (mmumunyo unaotuliza pH) moja, sabuni moja, mwanga mmoja. Tofauti itakayobaki baada ya hapo, iandike bila woga.

Na kiasi kipime kwa rangi, usikipime kwa protini jumla. Kwa bakteriorodopsini, ufyonzaji wa 0.63 penye 568 katika kuveti ya sentimita 1 ni takriban maikromoli 10 kwa lita, yaani karibu miligramu 0.27 kwa mililita.

Sampuli yangu ya protini ya Salinibacter ruber, bakteria mpenda chumvi, ina vilele vya machungwa visivyoondoka hata nisafishe vipi. Nifanye nini?

Acha kusafisha. Zantorodopsini, protini ya bakteria huyo iliyoelezwa mwaka 2005, hubeba karotenoidi yake maalumu, rangi ya jamii ya ile ya karoti, inayokamata nuru na kuikabidhi retinali. Hiyo ni sehemu ya mashine. Nasikitika nikifikiria waliotupa nusu ya mavuno wakidhani wanaosha taka.

Nitajuaje kama protini yangu inasukuma protoni au kloridi?

Seli zenye protini hiyo ziweke kwenye chumvi isiyo na bafa, tumbukiza elektrodi ya pH, washa taa. Pampu ya protoni hutoa protoni nje, pH inashuka. Pampu ya kloridi huingiza kloridi, protoni zinaifuata ndani, pH inapanda. Sasa ongeza CCCP, ambayo hupitisha protoni kwenye utando: badiliko la pampu ya protoni linapotea, la kloridi linaongezeka.

Usifanye hivyo kwa H. salinarum wa asili, kwani ana pampu zote mbili na utasoma vurugu. Tumia E. koli iliyopandikizwa jeni moja, na usisahau kuilisha retinali, maana yenyewe haitengenezi. Ukisahau, seli zitabaki na rangi yao ya kawaida na taa haitabadilisha kitu.