Kahawa ya moto: kosa la mnywaji au la muuzaji?

Swali: Nimesimuliwa kwamba mama mmoja huko Marekani alijimwagia kahawa ya McDonald's, akaishtaki kampuni na kulipwa mamilioni. Ikiwa aliimwaga mwenyewe, kampuni iliingiaje?

Jibu: Naomba kwanza nikirekebishe kisa chenyewe, maana kimesimuliwa vibaya kwa miaka mingi na aliyeumia amedhihakiwa pasipo haki. Tarehe 27 Februari 1992, mjini Albuquerque katika jimbo la New Mexico, bibi wa miaka 79 alikuwa ameketi upande wa abiria, na mjukuu wake aliyekuwa akiendesha alikwisha kusimamisha gari ili bibi atie sukari. Alikibana kikombe katikati ya magoti na kuvuta kifuniko. Kahawa ikamwagika, suruali yake ya pamba ikaifyonza na kuishikilia mwilini. Aliungua mapaja na kinena hata akahitaji kupandikizwa ngozi. Aliiomba kampuni dola 20,000. Ikakubali kutoa 800.

Mahakamani hakuna aliyebisha kwamba kahawa huwa ya moto. Hoja ilikuwa ni moto kiasi gani: kampuni iliagiza iwekwe kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi, joto linalounguza ngozi hadi tabaka la chini kwa sekunde chache tu, na katika miaka kumi ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu walioungua. Muuzaji anayejua fika kwamba wateja humwagikiwa na kinywaji garini hawezi kujikinga kwa kusema tu kwamba mteja amemwaga.

Hata hivyo uzembe wa bibi haukufumbiwa macho. Mwaka 1994 jopo la raia waliosikiliza kesi lilimbebesha asilimia 20 ya lawama, hivyo fidia ya dola 200,000 ikashuka hadi 160,000. Zile milioni 2.7 zinazotajwa mitaani zilikuwa adhabu kwa kampuni, na jaji alizipunguza hadi 480,000. Baadaye pande mbili zikapatana kwa siri.

Si kila jimbo hugawa hivyo. New Mexico humkata mdai sehemu yake tu, hata ikiwa kubwa. Majimbo mengi humnyima fidia lawama yake ikizidi nusu. Na Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia, katika madai ya uzembe, kosa dogo la mdai laweza kuliangusha dai zima. Mimi naona utaratibu wa New Mexico ndio wa haki, kwa kuwa bibi yule, kikombe kikiwa magotini, hakuwa na namna ya kuzijua nyuzi za joto lililokuwamo, ilhali kampuni ilizijua.