Sabuni kwanza, jiki baadaye: kuosha vichezeo vya mbwa na paka kituoni

Watoto wanne wa mbwa walitufia ndani ya wiki moja hapa kituoni, tunakotunza mbwa na paka waliookotwa. Waliletwa kwenye boksi, wameokotwa karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Siku ya tatu mmoja akaanza kutapika, kisha kuharisha damu. Daktari wa mifugo alipofika akasema ni parvo, ugonjwa wa kirusi, halafu akaomba kuona vichezeo vyetu.

Nikamwonyesha ndoo bila wasiwasi. "Dokta, hivi tunaviloweka kwenye jiki kila siku." Akatoa kipande cha kamba, akakibinya, yakatoka maji mazito ya mate na mchanga. "Dada, hapa jiki inaishia kwenye uchafu. Kwa kirusi haifiki."

Sikuwa najua hilo. Klorini iliyo ndani ya jiki haichagui, inashambulia chochote inachokutana nacho, iwe mate, kinyesi au mabaki ya ugali na dagaa, na uchafu ukizidi nguvu yake inakwisha. Kirusi cha parvo nacho ni kigumu mno. Kinaweza kukaa miezi mingi sakafuni au kwenye kichezeo kikisubiri mtoto wa mbwa asiye na chanjo.

Kwa hiyo sasa tunaosha kwanza kwa maji na sabuni ya unga, kwa brashi, hadi kwenye mikunjo na matundu ya mipira. Tunasuuza, ndipo tunaloweka. Jiki tunayonunua ina klorini asilimia 3.5, na tunatia nusu lita kwenye maji lita 10. Soma lebo ya chupa yako, maana nguvu hutofautiana. Vichezeo vizame kabisa kwa dakika 10, si kuchovya na kutoa. Baada ya hapo suuza tena mpaka harufu iishe, kwa sababu mnyama atakitia mdomoni. Maji ya dawa changanya mapya kila siku. Ya jana yamepungua nguvu, hasa ndoo ikiwa imeachwa juani.

Usichanganye jiki na siki wala dawa nyingine ya usafi. Mkojo pia uoshe kwanza, kwani una amonia, na ikikutana na jiki hutoa hewa inayochoma kifua.

Wenye paka, naomba mnisikie hapa. Zile dawa zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa wengi tunazipenda kwa harufu yake, lakini nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli ambazo ini la paka linashindwa kuzivunja. Paka akilamba mpira uliooshwa nazo anaweza kuumwa vibaya. Na parvo haziiui.

Kamba, vitambaa na vipande vya mbao havitakasiki vizuri. Tulikuwa tunapewa kamba za nyavu kuukuu na wavuvi wa Igombe, na mbwa walizipenda sana. Sasa kila kamba ina mbwa wake mmoja, na akiugua inachomwa. Iliniuma kuchoma ya kwanza, ila sijarudi nyuma. Mpira uliopasuka nao tunautupa, kwa kuwa brashi haifiki ndani ya ufa. Chumba cha karantini kina ndoo yake, brashi yake na vichezeo vyake, na huoshwa mwisho, baada ya vyumba vya wazima.

Kuna vijana walitaka kusuuzia ziwani ili kuokoa maji ya bomba. Nilikataa. Maji ya klorini yanadhuru samaki, na kusimama kwenye maji ya ufukweni ni kujitafutia kichocho.

Kukausha ndiko rahisi, mawe tunayo. Tunavianika juu ya mwamba nyuma ya banda tangu asubuhi, tunavigeuza saa sita, na jioni tunavibinya kimoja kimoja. Kikitoa hata tone, kinarudi mwambani kesho yake.