Barua kwa mwanangu: Yule mzee mwenye kofia

Mwanza, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Sijambo, na nyumbani wote hawajambo. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeniuliza kama ni kweli anachosema yule mzee Mturuki wa hapo kwenye kambi yenu ya ujenzi wa reli Makutupora, kwamba bwana mwenye kofia kwenye picha ya simu yake alikuwa mhandisi kama ninyi, kisha akawa waziri mkuu mara saba. Ukaongeza: "Mama, mtu anayejua kazi yake vizuri anakwenda kutafuta nini kwenye siasa?" Nimefundisha historia miaka thelathini, swali kama hilo siwezi kulijibu kwa mstari mmoja wa simu. Tena najua linatoka wapi. Mjomba wako ameniambia kuna watu wanakushawishi uchukue fomu ya udiwani. Hilo tutalifikia.

Huyo ni Süleyman Demirel. Mzee wako hakudanganya: serikali saba ziliundwa chini yake, na mwishoni akawa rais. Wenzake walimwita "Baba", na ajabu ni kwamba kwa Kituruki neno ni hilohilo, maana ni hiyohiyo.

Alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha İslamköy, mkoa wa Isparta, mtoto wa wakulima. Utotoni alichunga mifugo, na alipopata ukubwa wapinzani wake wakamwita "Sülü mchungaji" wakidhani wanamdhalilisha. Walimpigia kampeni bila kujua, maana vijijini watu walilisikia jina hilo wakasema, kumbe ni wa kwetu. Alisoma uhandisi wa ujenzi Chuo Kikuu cha Ufundi cha Istanbul, akamaliza mwaka 1949. Chuo hichohicho kilimtoa Turgut Özal, mhandisi wa umeme, na Necmettin Erbakan, mhandisi wa mitambo. Wote watatu wakawa mawaziri wakuu, na wote watatu walikwaruzana hadi uzeeni. Chuo kimoja, fani moja, na hawakuelewana. Usidhani wahandisi wakiingia bungeni watakubaliana kwa sababu hesabu ni moja.

Demirel kazi yake ilikuwa maji. Alikwenda Marekani kujifunza mabwawa na umwagiliaji, na mwaka 1955, ana miaka thelathini tu, akapewa kuongoza idara ya taifa ya maji, ile wanayoiita DSİ. Mwaka uliofuata bwawa la Seyhan karibu na Adana likafunguliwa, na jina la "Mfalme wa Mabwawa" likamganda. Aliyekuwa madarakani wakati huo ni Adnan Menderes. Mwaka 1960 jeshi likampindua Menderes, na mwaka 1961 likamnyonga, yeye na mawaziri wake wawili. Shika hesabu hiyo ya watatu, nitairudia.

Baada ya hapo Demirel akawa mhandisi wa kujitegemea, akiwakilisha kampuni ya Kimarekani ya Morrison, nayo ikampa jina la kejeli jingine. Wafuasi wa Menderes walikuwa yatima wa kisiasa, wanatafuta mtu. Novemba 1964 wakamchagua kuongoza Chama cha Haki. Mwaka mmoja haukupita, Oktoba 1965, akashinda uchaguzi kwa zaidi ya nusu ya kura zote. Hajafikisha hata miaka arobaini na moja.

Sasa nikujibu alichokwenda kutafuta. Nadhani alikwenda kutafuta mamlaka ya kutia sahihi. Mhandisi anaweza kuchora bwawa lolote. Anayesema lijengwe au lisijengwe amekaa ofisi nyingine. Demirel akaenda kukaa kwenye ofisi hiyo. Lakini tazama kilichompata. Bwawa la Keban kwenye mto Frati lilianza mwaka 1966 chini yake. Daraja la Bosphorus, linalounganisha Asia na Ulaya pale Istanbul, lilianza mwaka 1970 chini yake. Daraja lilipofunguliwa mwaka 1973 na Keban mwaka 1974, hakuwa madarakani. Machi 12, 1971 makamanda wa jeshi walitoa waraka wa kuishinikiza serikali, ukasomwa redioni mchana, na siku hiyohiyo akajiuzulu. Waturuki mpaka leo husema "alichukua kofia yake akaondoka." Wengine husema hivyo kwa kumsifu, kwamba hakumwaga damu, wengine kwa kumcheka.

Akarudi. Septemba 1980 jeshi likampindua tena, safari hii kwa vifaru, likamweka kizuizini, likampiga marufuku siasa. Mwaka 1983 alizuiliwa tena mahali paitwapo Zincirbozan, na mwaka huohuo ukaanza ujenzi wa bwawa kubwa kuliko yote Uturuki, la Atatürk. Marufuku yake ikaondolewa kwa kura ya maoni ya 1987: waliosema ndiyo ni asilimia 50.16. Aliyezunguka nchi nzima akihimiza watu waseme hapana ni Özal, aliyewahi kuwa mtendaji wake. Mwaka 1992 bwawa la Atatürk lilipofunguliwa, waziri mkuu alikuwa nani? Demirel. Mwaka 1993 Özal akafariki akiwa rais, na Demirel akachukua kiti chake mpaka mwaka 2000. Msemo wake mashuhuri ni "jana ni jana, leo ni leo", na alikuwa nao tayari kila alipoulizwa kwa nini amebadili kauli.

Kuhusu hayo mabwawa ya Frati, kuna jambo mzee wako huenda asikusimulie. Januari 1990, kabla Demirel hajarudi madarakani, Uturuki ilizuia mto kwa mwezi mmoja ili kujaza bwawa. Syria na Irak, walioko chini ya mto, wakalalamika sana. Demirel mwenyewe baadaye alisema maji ni ya Uturuki kama mafuta yalivyo ya hao majirani. Mimi hapa nakaa ukingoni mwa ziwa ambalo Nile inatoka, na naikumbuka kauli ya Mwalimu Nyerere kwamba mikataba ya mkoloni juu ya maji haya haitufungi, kwa hiyo hoja ya mtu wa juu ya mto naielewa. Lakini Demirel alisema kama mtu ambaye hajawahi kuchota maji chini ya bomba la jirani.

Nimeahidi kurudia watatu. Mwaka 1971 vijana watatu wa mrengo wa kushoto, Deniz Gezmiş, Yusuf Aslan na Hüseyin İnan, walihukumiwa kunyongwa kwa kutaka kupindua katiba. Hawakuwa wameua mtu. Mwaka 1972 bunge lilitakiwa kuidhinisha hukumu. Wabunge wa chama cha Demirel walisema watatu wao kwa watatu wetu, yaani walipe kifo cha Menderes na mawaziri wake, na Demirel akanyoosha mkono pamoja nao. Walinyongwa Mei 6. Deniz alikuwa na miaka ishirini na mitano, umri uliokuwa nao wewe ulipoanza kazi hapo relini. Nimesoma mengi mazuri kuhusu mzee yule, na mengine ya kuchekesha, lakini kila nikifika hapo nafunga kitabu kwanza, nakwenda kuchemsha chai.

Alifariki Juni 2015, na akazikwa kijijini kwake İslamköy.

Basi mheshimu mzee wako, msikilize akisimulia mabwawa, kwani ana haki ya kujivuna. Siku mkiwa wawili tu, muulize mwaka 1972 yeye alikuwa wapi, na aliyasikiaje. Usimuulize mbele ya wenzako. Ukipata jibu, niandikie vile alivyosema.

Na fomu, mwanangu, usiichukue kabla hujaja nyumbani. Njoo na wiki nzima, si siku mbili za kupita. Bomba la nyuma linavuja tangu Ijumaa, na fundi niliyemwita amesema atakuja kesho, kama alivyosema jana.

Mama yako