Ukuta ni Wako, Kipa, na Lawama Pia ni Zako

Wiki iliyopita kijana mmoja anayedakia timu ya mkoani kwao aliniandikia: "Shikamoo kocha. Jana nimefungwa faulo, mpira umezunguka ukuta kwa pembeni. Nilipanga watu wanne. Ningepanga wangapi?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye daladala, lakini swali lake likanikera siku nzima. Si kosa lake. Makipa wote wananiuliza idadi, na hakuna hata mmoja anayeuliza amuweke nani.

Haya, tuimalize hiyo idadi. Goli lina upana wa mita 7.32, na ukuta, yaani wachezaji wenu wanaosimama bega kwa bega kuziba faulo, unakaa mita 9.15 kutoka kwenye mpira. Watu wanne wakibanana mabega wanapata upana wa kama mita 2. Mpira ukiwa mita 20 kutoka golini, hao wanne wanakufunikia zaidi ya mita 4 za goli. Zinazobaki ni zako, ndiyo maana umevaa glavu. Kwa hiyo faulo ikiwa katikati, karibu na boksi, panga wanne au watano. Ikisogea pembeni punguza hadi watatu, kisha wawili, na ikifika karibu na kibendera mmoja anatosha kuziba krosi ya chini. Ukijaza sita ukutani kwa woga, wale warefu wao wanaosubiri kichwa atawakaba nani?

Sasa mahali pa kuuweka. Nenda kwenye posti ya karibu, angalia mstari unaotoka kwenye posti hadi kwenye mpira. Wengi humweka mtu wa mwisho juu ya mstari huo wakaridhika. Mimi pale namweka wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho kabisa anakaa nje ya mstari, hata kama anaonekana hana kazi. Huyo ndiye anayemharibia hesabu mpigaji wa kuzungusha, na huyo ndiye aliyekosekana kwenye goli la kijana wangu. Aprili 2025 Declan Rice wa Arsenal aliwafunga Real Madrid faulo mbili katika mechi moja, na ile ya kwanza ilizunguka ukuta kwa nje. Golini alikuwepo Courtois, mtu wa karibu mita 2. Urefu haukumsaidia.

Niwaambie na yangu, maana nimeibeba muda mrefu. Nilikuwa nadakia timu ya mtaani kwetu, mechi ya kuamua nani apande daraja. Faulo ikatoka mbele kidogo ya boksi, mpigaji mashoto. Nilipanga ukuta vizuri kabisa, na leo ningeupanga vilevile. Watu watano, wa mwisho nje ya mstari, mimi upande wangu naona mpira wote. Jamaa akapiga. Beki wetu wa kati, mtu mwenye kifua kama kabati, akageuza mgongo na kuinua bega. Pakafunguka nafasi kati yake na mwenzake, mpira ukapita hapohapo. Niliuona wakati tayari uko ndani ya boksi dogo.

Mapumziko kocha alinivua glavu mbele ya wote. Yule beki hakuambiwa kitu, akacheza hadi mwisho, na baada ya mechi akanunuliwa soda. Mtaani wakanibatiza "Geti". Wapo wanaoniita hivyo mpaka leo, na wengine hawajui hata lilikotoka.

Msimu uliofuata nilihamia timu nyingine nikaweka sharti moja: ukuta nauchagua mimi, mazoezini, siku za katikati ya wiki. Nilikuwa nawapanga na kuwapigia mipira ya uso na ya mapaja. Aliyegeuka alitoka, hata kama ni nahodha. Nikabaki na winga mmoja mwembamba, kiungo mkabaji na straika mzito asiyejali kuumia. Kila mmoja alijua namba yake, nani yuko kulia kwake na nani kushoto. Msimu ule hatukufungwa hata faulo moja ya moja kwa moja. Mashahidi wapo.

Kwa hiyo vijana, acheni kulalamika kwamba mabeki wenu ni waoga. Mnawajua ni waoga, mbona mnawaweka pale? Mtu aliye ukutani ana presha yake. Mkumbukeni Mwepu Ilunga wa Zaire, Kombe la Dunia 1974 dhidi ya Brazil. Alichomoka ukutani akaubutua mpira mbali kabla Wabrazil hawajaupiga, akapewa kadi ya njano. Dunia ikacheka kwa miaka mingi, eti Waafrika hawajui sheria. Mwenyewe alisema sheria alikuwa anaijua. Timu ile ilikuwa imetoka kufungwa 9-0 na Yugoslavia, na nyumbani alikuwa anawasubiri rais wao, Mobutu. Mimi kicheko kile hakijawahi kunifurahisha.

Halafu sauti. Kipa bubu hana ukuta. Piga kelele jina, siyo "wewe, wewe". Sema "Juma, kulia, hatua moja, simama!" Maneno machache, basi, maana ukikaa sana kwenye posti unapanga, unapigwa ya haraka. Desemba 2004 pale Highbury, Petr Cech, kipa wa Chelsea, alikuwa bado anapanga ukuta wake Thierry Henry wa Arsenal alipoupiga mpira wavuni, na refa akakubali. Siku hizi natumia mchezaji wa mbele asimame nyuma ya mpira ndiye aelekeze ukuta kwa mkono, mimi nabaki golini. Kama refa hajaashiria kwamba mpigaji asubiri filimbi, usiupe mpira mgongo. Na tangu 2019, ukuta ukiwa na watu watatu au zaidi, wapinzani lazima wakae mita 1 mbali nao, kwa hiyo wakija kusukumana humo mkumbushe refa.

Mwisho, lile la kumlaza mtu nyuma ya ukuta. Ukuta ukiruka, chini panabaki wazi, na Ronaldinho wa Barcelona aliwapitishia hapohapo Werder Bremen mwaka 2006. Brozović wa Inter alilala pale Camp Nou, uwanja wa Barcelona, Oktoba 2018 akauzuia mpira wa Suárez, tangu hapo kila timu ina mtu wake wa kulala. Usipokuwa naye, waambie wasiruke. Ukiwa naye, alale ubavu mkono umebana mwilini, asije akawapa penalti ya bure. Watoto ninaowafundisha sasa tunamlaza winga wetu mdogo kuliko wote. Analalamika kila mvua ikinyesha, maana jezi anafua mwenyewe. Nimemwambia akitokea mfupi kuliko yeye, watabadilishana.